Orodha ya dhahabu haikuondolei kazi: nilivyochuja data ya CMS

Ubaya wa data mbovu ya fizikia ya chembe ni kwamba inapendeza. Ukichukua jozi za myuoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi) kutoka CMS, kigunduzi kikubwa cha chembe pale CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ukakokotoa masi zake na kuchora histogramu, kilele cha chembe ya Z kitasimama palepale kwenye GeV 91 (GeV ni kipimo cha nishati na masi za chembe) hata kama sehemu kubwa ya data hiyo haikustahili kutumika. Hakuna taa nyekundu inayowaka. Grafu yangu ya kwanza nilimtumia msimamizi wangu usiku, nikalala na furaha yangu, asubuhi nikakuta jibu la mstari mmoja: "Kilele nimekiona. Sasa niambie ni data ya dakika zipi."

Hata swali lenyewe sikulielewa. Naandika haya kwa ajili ya mwanafunzi atakayekaa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura na laptopu yake, afungue hazina ya data huria ya CERN na kudhani kwamba kazi ngumu ni fizikia. Fizikia ya mradi wangu ilikwisha ndani ya kurasa chache za tasnifu. Kilichonila muda, bando na usingizi ni kujua data ipi ni nzuri, na nzuri kwa kazi gani.

Kwanza mazingira. CERN ilifungua hazina hiyo mwaka 2014, na CMS ikaanza kwa kutoa data yake ya 2010. Mimi nilitumia ya 2012, protoni zikigongana kwa nishati ya TeV 8, yaani GeV 8,000. Iliyotolewa kwanza ni ya awamu za B na C za mwaka huo, jumla takriban femtobani kinyume 11.5 (kipimo cha wingi wa data ya migongano). Hulipi, huombi ruhusa, husaini kitu. Nilichagua kupima ni mara ngapi Z inazaliwa na kuvunjika kuwa myuoni mbili. CMS wenyewe walishaipima na kupata takriban nanobani 1.15 (kipimo cha uwezekano wa mgongano kuzaa kitu fulani), kwa hiyo nilikuwa na jibu la kujilinganisha nalo. Namshauri kila anayeanza achague kipimo ambacho jibu lake linajulikana. Kutafuta chembe mpya kwa data usiyoijua tabia yake ni kujitafutia presha.

Hesabu yenyewe ni fupi: idadi ya Z ulizoziona, gawanya kwa ufanisi wa kigunduzi (sehemu ya Z zilizozaliwa ambayo kinaweza kuinasa), gawanya tena kwa luminositi, yaani kipimo cha nafasi ngapi za kugongana protoni zilipewa wakati ukiangalia. Hapo kwenye luminositi ndipo ubora wa data unapoingia, maana ukitupa data mbovu lazima utupe na luminositi yake, na ukipoteza data nzuri bila kujua, luminositi yake inabaki kwenye hesabu kama deni. Ni kama mtu anayetaka wastani wa mauzo kwa siku huku hajui duka lilifungwa siku ngapi.

Sasa, dakika zipi? Kwenye mtambo wa LHC, wenye mzingo wa kilomita 27, protoni huzunguka mara 11,245 kwa sekunde. CMS hukata muda wake katika vipande vya mizunguko 262,144, ambavyo ni kama sekunde 23.3 kila kimoja. Vipande vingi vilivyofuatana bila kusimamisha ukusanyaji vinafanya kipindi kimoja chenye namba yake. Kila kipande kinahukumiwa. Pale Cessy, upande wa Ufaransa, kuna watu wa zamu usiku na mchana wanaokodolea macho histogramu za kila sehemu ya kigunduzi. Baadaye wataalamu wa kila sehemu, na wale wa myuoni, elektroni na jeti (vishada vya chembe), wanazipitia tena kwa utulivu. Volti kubwa ya kifuatilia njia ilikuwa imewashwa? Sumaku ilikuwa kwenye tesla 3.8? Kalorimita, yaani kipima nishati, ilikuwa na eneo lililokufa? Kipande kikifaulu kwa wote, kinaingia kwenye orodha ambayo watu wa CMS wanaiita ya dhahabu.

Orodha hiyo ni faili dogo la JSON, maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome. Ya 2012 inaanza hivi:

{"190645": [[10, 110]], "190704": [[1, 3]], "190705": [[1, 5], [7, 65], [81, 336], ...

Soma taratibu. Kipindi 190645 kinakubalika kuanzia kipande cha 10 hadi cha 110. Vile tisa vya mwanzo havimo. Mara nyingi kipindi huanza kabla sehemu zote za kigunduzi hazijapandishwa volti, kwa kuwa hakuna anayethubutu kuwasha kifuatilia njia kabla miale ya LHC haijatangazwa kuwa tulivu. Kipindi 190705 kinakwenda 1 hadi 5, kinaruka cha 6, kinaendelea 7 hadi 65, kisha kinaruka mpaka 81. Kipande cha 6 kilikuwa na nini? Faili halisemi. Linakupa hukumu bila maelezo, na kwa mtu aliye nje ya CMS hiyo ni sawa kabisa, ilimradi unajua hukumu ilitolewa kwa kigezo gani. Nitalirudia hili.

Kiasi kinachotupwa si kidogo. Mwaka 2012 LHC iliipa CMS takriban femtobani kinyume 23.3, kigunduzi kikarekodi takriban 21.8, na chambuzi nyingi za mwaka mzima zikatumia takriban 19.7. Katika data iliyorekodiwa, karibu sehemu moja ya kumi haikupita. Grafu yangu ile nzuri ilikuwa na hiyo sehemu ndani yake.

Kuitumia orodha kunaonekana rahisi, na hapo ndipo watu wanaposhikwa. Kwenye CMSSW, programu ya CMS yenyewe (data ya 2012 inataka toleo la 5_3_32, na njia nyepesi ya kulipata ni kontena lililoandaliwa tayari), orodha inaingizwa kwa mistari michache kwenye faili la mipangilio. Mistari hiyo ikae chini ya ile inayotaja chanzo cha data. Ukikitaja chanzo upya chini yake, labda umebandika mafaili mengine kwa majaribio, chanzo kipya kinafuta kila kilichoambatishwa kwenye cha zamani, kichujio kikiwemo. Programu haitalalamika. Itasoma kila kitu na kukuaga vizuri. Kipimo changu siku hizi ni kuipa programu orodha ya uongo yenye kipande kimoja tu: ikirudisha matukio (migongano iliyorekodiwa) ya kipande hicho peke yake, nina amani, ikirudisha zaidi, kuna mahali kichujio kimefutwa.

Wengi tunahamia Python baada ya hatua ya kwanza, na huko kuna mitego miwili. Wa kwanza ni mwepesi: kwenye JSON namba ya kipindi ni maandishi, kwenye tukio ni namba. Ukiuliza kama namba 190645 imo kwenye orodha, jibu ni haimo, na unabaki na sifuri. Sifuri haina madhara, inajitangaza.

Wa pili hautangazi kitu. [1, 3] maana yake ni kipande cha 1, cha 2 na cha 3. Anayeandika range(1, 3) anapata cha 1 na cha 2, kwa sababu Python haihesabu mwisho. Kila mabano yanapoteza kipande chake cha mwisho. Kwenye mabano marefu kama 81 hadi 336 hutaona tofauti. Kwenye kipindi 190704 umetupa theluthi. Na kwa kuwa luminositi unaipata kwa zana nyingine inayosoma mabano sawasawa, jibu lako linashuka kidogo tu, kwa kiasi kinachofanana na kosa la kawaida la vipimo, ukajifariji kwamba ndivyo dunia ilivyo. Aliyenizindua ni kaka mmoja Mkenya anayesoma uzamivu Ulaya. Nilimtumia msimbo wangu aangalie kitu kingine kabisa, akajibu: "Ndugu, kabla ya hayo yote, hesabu vipande vyako. Viko vingapi kwenye orodha, na wewe unavyo vingapi?" Nilivihesabu. Havikulingana.

Hilo swali lake nimeliweka mwanzoni mwa kila skripti ninayoandika.

Nirudi kwenye kigezo. Orodha ya dhahabu inataka kila sehemu ya kigunduzi iwe nzima. Uchambuzi wa myuoni tupu hauhitaji kalorimita kwa kiasi hicho, ndiyo maana CMS hutoa pia orodha ya pili kwa ajili ya myuoni, yenye masharti machache na vipande vingi zaidi. Nilishawishika kuitumia. Msimamizi wangu hakukataa, aliniuliza tu: "Myuoni zako unazitenga na jeti kwa kutumia nini?" Nilikuwa natumia kipimo cha upweke wa myuoni, na kipimo hicho kinajumlisha nishati ya kalorimita kuizunguka. Nikarudi kwenye dhahabu kimyakimya.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa 2015. Mwaka huo mfumo wa kupoza sumaku ya CMS ulisumbua, sehemu ya data ikachukuliwa sumaku ikiwa imezimwa. Kwa myuoni hiyo ni hasara tupu: bila sumaku njia haipindi, na njia isiyopinda haikwambii momenta. Lakini fotoni haina chaji, haipindi sumaku iwepo isiwepo. Waliotafuta jozi za fotoni waliichukua data hiyo, takriban femtobani kinyume 0.6, wakaiongeza kwenye 2.7 za sumaku kamili. Ni ule utafutaji uliotikisa watu kwa kilima cha GeV 750, kilichofanana na chembe mpya, ambacho data ya 2016 ilikifuta. Data ileile ilikuwa takataka kwa mmoja na mali kwa mwingine.

Na kinyume chake kipo. Mwishoni mwa Juni 2018 sekta mbili za kalorimita ya hadroni, upande mmoja wa kigunduzi, zilipoteza umeme na hazikurudi mwaka ule. Data kuanzia kipindi 319077 iliachwa ndani ya orodha ya dhahabu, maana kuitupa kungekuwa kutupa zaidi ya nusu ya mwaka. Mwenye kutafuta nishati inayokosekana (ishara ya chembe zinazopita bila kuonekana) alitakiwa kujua mwenyewe kwamba kuna kona kipofu, na kuishughulikia. Vivyo hivyo kwa tukio mojamoja: kipande kinaweza kuwa safi na bado ndani yake kukawa na tukio lenye kelele ya kalorimita au myuoni zinazosafiri sambamba na mwale kutoka kwenye handaki. Kuna vichujio vya matukio kwa kazi hiyo, na unavipitisha baada ya orodha. Kwa Z ya myuoni mbili havibadilishi sana. Kwa atakayegusa nishati inayokosekana, bila hivyo atagundua chembe mpya kila wiki.

Sasa luminositi, mahali nilipolia. Hazina ya CERN inatoa jedwali la luminositi kwa kila kipande cha 2012. Kuna safu ya iliyotolewa na LHC na safu ya iliyorekodiwa na CMS. Unayoitaka ni iliyorekodiwa. Ile nyingine inahesabu na muda ambao kigunduzi kilikuwa na shughuli hakipokei tukio jipya. Angalia pia triga uliyotumia, yaani kichujio cha papo hapo kinachoamua tukio lipi lihifadhiwe. Zipo zilizokuwa zikihifadhi tukio moja tu kati ya mengi ili kupunguza mzigo, na kwa hizo luminositi lazima igawanywe. Triga ya myuoni mbili yenye viwango vya GeV 17 na 8 haikupunguzwa mwaka 2012, ndiyo niliyotumia, na nakushauri uanzie hapo.

Mimi sikuweza kusoma data yote. Faili moja tu la aina ya AOD, muundo wa data wa CMS, lina gigabaiti kadhaa, na bando la usiku lilinimaliza kuliko nauli na chakula. Nilichukua sehemu ya mafaili ya awamu ya B, nikayasoma moja baada ya jingine, kila moja likatoa faili dogo lenye myuoni tu, kisha nikayaunganisha. Jibu likawa chini ya la CMS kwa kiasi ambacho hakuna kosa la vipimo lingeweza kukielezea. Nikakagua ufanisi, nikakagua orodha, nikakagua mabano. Nilifika mahali pa kufikiria kubadili mada. Msimamizi wangu alinisikiliza kwenye simu mpaka nikamaliza kulalamika, kisha akauliza: "Luminositi hiyo ni ya vipande ulivyopanga kusoma, au ulivyosoma?"

"Dokta, si ni vilevile?"

"Chora idadi ya Z kwa kila kitengo cha luminositi, kipindi kwa kipindi. Halafu nipigie."

Grafu hiyo ndiyo zana bora ninayoijua katika kazi hii yote, na inachorwa kwa mistari isiyojaza ukurasa. Mlalo ni namba za vipindi, wima ni Z kwa kila luminositi. Nukta zinapaswa kulala kwenye mstari mmoja, kwa sababu asili haibadili mawazo kati ya Mei na Juni. Zangu zililala vizuri isipokuwa kundi dogo la nukta zilizodondoka, moja ikiwa karibu nusu ya wenzake. Nilifuatilia hizo nukta mpaka kwenye faili lililotengenezwa usiku ambao umeme ulikatika na betri ikaisha katikati ya kazi. Faili halikufungwa. Lakini ROOT, programu ya CERN ya kusoma mafaili haya, ina huruma: ukilifungua faili la namna hiyo, inatoa onyo la mstari mmoja, inaokoa kilichohifadhiwa mpaka hapo, inaendelea. Onyo lilipita kwenye skrini pamoja na mamia ya mistari mingine. Nusu ya matukio ilikuwepo, luminositi nzima nilikuwa nimeihesabu.

Tangu hapo kila kazi inaandika yenyewe orodha ya vipande ilivyomaliza, na luminositi naihesabu kwa makutano ya orodha hiyo na ya dhahabu. Hapa kuna tahadhari moja: usiitengeneze orodha ya ulivyosoma kutokana na matukio yaliyobaki baada ya kuchuja. Kipande ambacho hakikutoa tukio lolote kilikuwepo, na luminositi yake ni halali. Kwa Z haisumbui sana, maana mwaka 2012 sekunde 23 za kawaida zilitoa makumi ya jozi za myuoni. Kwa anayetafuta kitu adimu, vipande vitupu ndivyo vingi, na akivitupa jibu lake linapaa.

Mambo mengine nayasema kwa haraka. Usiipitishe simulesheni, yaani data ya kuigiza ya kompyuta, kwenye orodha ya dhahabu. Matukio yake yana namba ya kipindi ya bandia, kwa kawaida 1, na yote yatatupwa. Nimeona watu wakihangaika siku nzima na hilo. Ukiunganisha data ya myuoni moja na ya myuoni mbili, tukio moja linaweza kuwepo kote kuwili, kwa hiyo ondoa marudio kwa kulinganisha kipindi, kipande na namba ya tukio kwa pamoja. Namba ya tukio peke yake haitoshi. Mafaili unayopakua yahakiki: zana ya cernopendata-client inalinganisha ukubwa na alama ya uhakiki ya kila faili, na inakuokolea kupakua upya kitu ambacho ungekigundua kibovu mwezi ujao. Na kabla hujanunua bando lolote kubwa, fanya safari nzima, kuanzia orodha hadi namba ya mwisho, kwa faili moja. Namba itakuwa na kosa kubwa la takwimu, lakini isiwe ya ajabu.

Wenzetu wa ATLAS, kigunduzi kingine cha LHC, wana utaratibu huohuo kwa sura nyingine: vipande vyao ni vya kama dakika moja na orodha yao iko kwenye XML. Niliyoyasema kuhusu mabano na luminositi yanawahusu pia.

Baada ya kuirudia ile kazi ya usiku wa giza, nukta zilinyooka na namba yangu ikakaa ndani ya mipaka ya makosa ya ile iliyochapishwa. Kosa kubwa lililobaki halikuwa langu la kupunguza: luminositi ya 2012 yenyewe inajulikana kwa asilimia 2.6. Sasa nimeanza data ya 2016 ya aina ya NanoAOD, muundo mwepesi zaidi, iliyotolewa mwaka 2024, ambayo haihitaji CMSSW kabisa. Python inatosha, na ndani ya kila faili kuna jedwali la vipande vilivyomo, hata vitupu. Mabano ya orodha ni yaleyale. Nilimtumia Dokta jedwali la vipande vilivyopangwa, vilivyosomwa na vilivyopotea kabla sijamtumia grafu yoyote. Amejibu kwamba vipande vimekubalika, sasa nieleze ufanisi wa triga niliupima kwa data au niliuchukua kwenye simulesheni. Sijamjibu bado.